Umeona puma na ofisi inasema haiwezekani? Mwongozo kamili wa kukusanya ushahidi huku Marekani

Huu mwongozo ni wa sisi tunaoishi majimbo ya katikati na mashariki ya Marekani, Iowa, Missouri, Kentucky, Tennessee, Michigan na kwingineko, hasa nyie mnaotoka shifti ya usiku kiwandani saa kumi alfajiri mnapita barabara za mashambani, na madereva wa trela ambao usiku ndo kazini kwenu. Kila baada ya muda inaibuka stori kwenye grupu la WhatsApp, fulani kaona paka mkubwa kama simba jike, rangi ya mchanga, mkia mrefu, karuka barabara mara moja kazama kwenye mahindi. Anapiga simu ofisi ya wanyamapori ya jimbo, anajibiwa kwa upole kwamba huyo atakuwa mbwa, au bobkati, yule paka pori wa huku mwenye mkia kibutu. Basi jamaa anakasirika anasema hawa watu wanatuona washamba, sisi tumetoka nchi za simba na chui leo tusimjue paka?

Hasira naielewa ila haisaidii, kwa sababu kinachowafanya wale watu wabadilishe kauli ni kitu wanachoweza kukipima wenyewe, sio uhakika wako. Hapa chini naeleza namna ya kukipata.

Kabla hatujaendelea: mnyama huyu Wamarekani wanamwita cougar, mountain lion, panther, puma, yote ni mnyama mmoja. Kwenye fomu nyingi utakuta jina la mountain lion au cougar, usichanganyikiwe.

Hatua ya 1: jua ofisi inabisha nini hasa

Hapa ndo ugomvi mwingi unapoanzia. Ukisoma vizuri taarifa zao, majimbo mengi hayasemi puma hawezi kukanyaga hapa, yanasema hakuna puma wanaozaliana hapa, yaani hakuna majike na watoto waliojenga makazi. Dume mpita njia wanakubali anaweza kutokea. Mtu wa mapokezi akikwambia "hatuna puma" na wewe umemwona jana usiku, mnaongea vitu viwili tofauti na mnakata simu kila mtu kanuna.

Zamani puma alikuwepo karibu Marekani nzima. Walowezi wakamuwinda, wakamaliza kulungu aliokuwa anakula, wakafyeka misitu, na upande wa mashariki akaisha isipokuwa Florida kusini ambako wapo mpaka leo. Puma wa mwisho anayekubalika kaskazini mashariki aliuawa Maine mwaka 1938. Serikali kuu ilitangaza mwaka 2011 kwamba puma wa mashariki ametoweka, na Januari 2018 ikamfuta kabisa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Magharibi kwenye milima alibaki, na miaka ya karibuni akarudi mwenyewe mpaka Black Hills kule South Dakota, Badlands za North Dakota na Pine Ridge ya Nebraska.

Sasa dume kijana akishaachana na mama yake, akiwa na mwaka mmoja mpaka miwili hivi, anatembea kutafuta eneo lake na jike. Majike mengi hayaendi mbali, yanakaa jirani na walikozaliwa. Kwa hiyo anayeelekea mashariki mara nyingi ni dume peke yake, anatembea, hakuti jike, anaendelea kutembea. Ndo maana huyu mnyama anaonekana Jumanne kwenye kaunti yenu na baada ya wiki mbili hakuna hata unyoya.

Kesi ya kujua kwa moyo ni ya Connecticut. Juni 2011 watu wa Greenwich walisema wameona puma, baada ya siku chache gari likamgonga na kumuua dume wa kilo 64 hivi kwenye barabara kuu karibu na Milford. Maofisa mwanzoni walidhani ni wa kufugwa katoroka kwa mtu. Ila hakuwa amehasiwa, kucha hazikuwa zimetolewa, hakuwa na chipu, na vinasaba (DNA) vyake vikaonyesha asili yake ni Black Hills. Tena vikaoana na sampuli zilizookotwa Minnesota na Wisconsin mwaka 2009 na 2010. Na hapa ndo napenda zaidi: Desemba 2010 kule Lake George, New York, familia ya ofisa mstaafu wa wanyamapori ilimwona puma uani kwao. Hawakuishia kusimulia, nyayo zilifuatwa kwenye theluji mpaka mahali alipolala, yakaokotwa manyoya. Manyoya hayo yalikuja kuoana na huyo wa Connecticut. Zaidi ya maili 1,500 mnyama katembea kwa miguu, na tunajua kwa sababu njiani kuna watu waliookota vitu vidogo vidogo wakavihifadhi vizuri.

Michigan nayo iangalie. Puma wa mwisho wa asili kuuawa kule ilikuwa 1906, miaka mingi watu wa rasi ya juu (Upper Peninsula, upande wa kaskazini wa jimbo) wakawa wanalalamika hawaaminiki, mwaka 2008 ofisi ya jimbo ikaanza kuthibitisha mmoja mmoja, halafu Machi 2025 ikathibitisha picha za watoto wawili wa puma kaunti ya Ontonagon, dalili ya kwanza ya kuzaliana kwa zaidi ya miaka 100. Picha zikabadilisha kauli. Hakuna mtu aliyeshinda kwa kupiga kelele.

Wenzetu wa Unguja mnaijua hii habari kwa namna yake. Chui wa Unguja wataalamu walishamhesabu kama ameisha, wanakijiji wakawa wanasema yupo, tena wengine wanaongeza kwamba kuna wenye kumfuga kichawi, jambo ambalo lilifanya watafiti wazidi kuguna. Mwaka 2018 kamera ya kipindi cha televisheni ikanasa chui kisiwani, na mpaka leo mjadala haujaisha kwa sababu video moja fupi inaacha maswali mengi. Hilo liweke akilini tukifika kwenye kamera.

Hatua ya 2: dakika ya kwanza

Usalama kwanza, ni wa haraka kueleza. Usikimbie, ukikimbia unajifanya windo. Simama umtazame, jifanye mkubwa, fungua koti, paza sauti, mtoto mnyanyue bila kumpa mgongo mnyama, rudi nyuma polepole. Akikurukia pigana kwa chochote ulichonacho, usijilaze ukajifanya umekufa. Ni nadra sana, Amerika Kaskazini nzima kwa zaidi ya miaka 100 vifo vinahesabika kama 30 hivi, lakini nadra sio sifuri.

Kama uko ndani ya gari, kaa ndani ya gari. Washa hazadi, simama pembeni pa salama, na uangalie muda. Simu ukiipata fasta piga picha kama ilivyo, usivute karibu mpaka picha iwe ukungu mtupu, bora mnyama mdogo anayeonekana na mti jirani na nguzo ya fensi jirani. Ile nguzo baadaye ndo itatupa kipimo. Video ni bora kuliko picha, sababu paka anavyotembea na mkia unavyoning'inia na kujikunja nchani huwezi kuuchanganya na mbwa.

Madereva, dashikamu yenu, ile kamera ya mbele ya gari, ni mali. Nyingi zinajiandika juu yake zenyewe baada ya masaa kadhaa, kwa hiyo ukishaona kitu bonyeza kile kitufe cha kufunga faili, ukifika sehemu ya kupumzika toa kadi uhamishie kwenye laptop au simu. Ukilala kwanza ukiamka utakuta maili mia tatu za lami na mnyama hayupo.

Hatua ya 3: andika kabla hujamsimulia mtu

Kabla hujapiga simu nyumbani, kabla hujafungua Google kuangalia picha za puma, andika au jirekodi sauti. Ukishaangalia picha kumi za mtandaoni kumbukumbu yako inaanza kukopa, mkia unarefuka, macho yanang'aa. Andika saa ngapi, mwanga ukoje, umbali kwa hatua au kwa mistari ya barabara, alikuwa anatoka wapi kwenda wapi, umemwona sekunde ngapi, sehemu gani ya mwili umeiona na ipi hukuiona. Hiyo ya mwisho watu wanaipuuza wakati ndo inamfanya ofisa akuamini. Mtu akiandika "kichwa sikukiona, niliona kiuno na mkia tu" anaaminika kuliko anayeeleza mpaka kope.

Mkiwa wawili garini kila mtu aandike yake bila kuulizana. Mchore hata kama hujui kuchora.

Hatua ya 4: jiulize ni nani mwingine angeweza kuwa

Hapa kuwa mkali na nafsi yako, maana ofisa atakuwa mkali zaidi. Puma mzima ana urefu wa bega sentimita 60 mpaka 75 hivi, dume kutoka pua mpaka ncha ya mkia anaweza kufika mita 2.4, mkia peke yake ni karibu theluthi moja ya urefu wote, mnene, ncha nyeusi. Rangi ni moja mwili mzima, kahawia ya mchanga. Watoto ndo wana madoa.

Bobkati ana mkia mfupi kama kidole cha mkono, ukiona hakuna mkia maliza hapo. Koyoti, yule mnyama pori wa huku jamii ya mbwa, akiwa na ukurutu na kunyonyoka manyoya anafanana na kila kitu duniani, mkia wake unakuwa mwembamba mrefu na usiku watu wanakula kiapo ni paka. Mbwa wa rangi ya kahawia, hasa Labrador, wanachangia ripoti nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kulungu akiwa kwenye majani marefu mgongo tu unaonekana. Na wa mwisho ni paka wa nyumbani, usicheke, paka wa jirani akipita mita tatu mbele ya kamera huku nyuma kuna shamba tupu anaonekana simba.

Kama ulichoona ni paka mkubwa mweusi tii, nikwambie tu ukweli, hakuna puma mweusi hata mmoja aliyewahi kuthibitishwa popote. Weusi ule ni wa chui wa Afrika na Asia na jaguari. Ukianza ripoti yako na "alikuwa mweusi" ofisa kashaweka kalamu chini. Inawezekana mwanga ulikudanganya, mnyama wa kahawia mbele ya taa za gari linalokuja anageuka kivuli, basi andika hivyohivyo kwamba taa zilikuwa nyuma yake.

Hatua ya 5: nyayo, na hapa usiwe na haraka

Rudi mchana. Mvua na jua ni maadui, kwa hiyo asubuhi hiyohiyo ikiwezekana. Ila kabla ya kuingia kwenye shamba la mtu omba ruhusa, gonga mlango, jitambulishe, sema umeona mnyama barabarani unataka kuangalia matope pembeni ya fensi yake. Missouri, Illinois, Indiana na majimbo mengine, rangi ya zambarau kwenye mti au nguzo maana yake ni marufuku kuingia hata kama hakuna kibao. Msimu wa kuwinda kulungu, hasa Novemba, vaa fulana ya chungwa inayowaka. Sisi watu weusi tunaozunguka kwenye vichaka vya wakulima alfajiri na kamera mkononi tunajua kwa nini nasisitiza, mweleze na jirani, na usiende peke yako.

Tafuta sehemu laini, matope ya kando ya kijito, mchanga chini ya daraja, vumbi la barabara ya shamba. Ukiupata unyayo usiurukie na kamera. Inama uutazame upande wa jua. Angalia kwanza ule mto mkubwa wa kisigino: wa puma una vifundo vitatu upande wa nyuma, kama herufi m iliyolala chali, na mbele umekatika bapa, una vifundo viwili vidogo. Wa mbwa mbele ni wa kuchongoka. Halafu vidole vinne: vya paka havilingani, kimoja kimetangulia kidogo kama kidole chetu cha kati, kwa hiyo unaweza kujua ni mguu wa kulia au wa kushoto. Vya mbwa ni pacha, viwili mbele sawa, viwili pembeni sawa, na kati ya mto na vidole unaweza kuchora msalaba wa X usioguswa na kitu. Kucha mwisho: puma anaziingiza ndani kwa hiyo kwa kawaida hazionekani, mbwa zake zinachoma tope mbele ya vidole. Ila usitegemee kucha peke yake, mbwa mwenye kucha zilizokatwa kwenye udongo mgumu naye haachi alama, na puma akiteleza anazitoa.

Upana wa unyayo wa puma mzima ni sentimita 7 mpaka 9 na ushee. Bobkati ni sentimita 5 kwenda chini. Mbwa mkubwa anaweza kufika hata 10, kwa hiyo ukubwa bila umbo hausemi kitu.

Picha: simu iwe juu kabisa ya unyayo inatazama chini wima, sio kwa ubavu. Weka rula pembeni. Huna rula weka noti ya dola moja, ina urefu wa sentimita 15.6 na kila ofisa anaijua. Usiweke kadi ya benki jamani, nimeona picha za watu wamepanga namba zote za kadi pembeni ya mguu wa mbwa wamezituma kwenye grupu la watu mia mbili. Piga unyayo mmoja mmoja, halafu piga msururu mzima, halafu piga kutoka mbali ionekane ni wapi. Pima pia umbali wa hatua mpaka hatua. Unyayo mmoja peke yake unabishaniwa, nyayo nane mfululizo zinaongea.

Theluji ina hila yake. Ikiyeyuka kidogo mchana na kuganda usiku unyayo unapanuka, kucha zinafutika, mbwa wa kawaida anageuka dubwana. Kama kingo zimelainika na ndani kuna barafu inayong'aa, usijiaminishe, fuata msururu mpaka chini ya mti ambako jua halijafika utafute mmoja mkavu.

Ukiwa na unyayo mzuri, ufunike na ndoo au boksi uzito juu, halafu piga simu. Ukitaka kutengeneza nakala, nunua plasta ya Paris duka la vifaa vya ujenzi, kata chupa ya plastiki upate pete, izungushe kwenye unyayo, koroga plasta iwe kama uji wa mtoto, mimina pembeni itiririke yenyewe, ukimwaga katikati unabomoa. Subiri angalau nusu saa, ikiwa baridi subiri zaidi, ing'oe na udongo wake usiisafishe. Kwenye theluji plasta inajipasha moto inapokauka inayeyusha kila kitu, kwa hiyo nyunyizia kwanza maji kama ukungu yagande juu ya unyayo, tumia maji baridi sana, au achana nayo upige picha tu.

Hatua ya 6: manyoya, kinyesi, mzoga

Hii ndo dhahabu, maana hapa kuna vinasaba. Kwa vinasaba maabara inaweza kusema ni puma au sio, ni dume au jike, ametokea Black Hills au wapi, na kama ukoo wake ni wa Amerika Kusini watajua uwezekano mkubwa ni wa kufugwa katoroka. Ile kesi ya Chicago ya Aprili 2008, puma aliyepigwa risasi na polisi katikati ya mitaa ya Roscoe Village, ilifungwa hivyohivyo: damu iliyokuwa imeachwa Wisconsin miezi mitatu nyuma, baada ya mnyama kujikata mguu, ikaoana na yake.

Manyoya tafuta kwenye waya wa fensi aliporukia au kupenya, na mahali palipolaliwa. Vaa glavu, tumia kibano, tia kwenye bahasha ya karatasi. Karatasi, sio mfuko wa nailoni, unyevu ukijifungia unaoza na vinasaba vinaharibika. Juu ya bahasha andika tarehe, saa, mahali, nani kaokota. Usilambe bahasha kuifunga, utaweka vinasaba vyako.

Kinyesi usishike kwa mkono mtupu, kina minyoo. Piga picha na rula, mwachie ofisa, labda mvua inakuja ndo uweke kwenye mfuko wa karatasi na glavu.

Mzoga wa kulungu ni habari nyingine. Puma anauma koo au shingo kwa nyuma, anaburuta, anafungulia nyuma ya mbavu kula ini na moyo kwanza, anang'oa manyoya kama mtu anayenyonyoa kuku, na akishashiba anafunika mabaki kwa majani, matawi, udongo. Koyoti anasambaratisha, miguu huku, ngozi kule. Ukikuta mzoga umefunikwa hivyo ondoka kwa utaratibu, usiufunue, usikae kuchungulia. Mwenye nyama yuko jirani na anarudi. Piga simu ukiwa garini.

Hatua ya 7: kamera mtego

Kamera za wawindaji zinapatikana kwa bei ya viatu, hazihitaji kuwa ghali. Ifunge kwenye mti usawa wa goti, kama sentimita 45 kutoka chini, ikitazama kaskazini ili jua lisiipige usoni, na iangalie njia kwa mshazari, sio kwa kukatisha, mnyama akikatisha unapata mkia tu au pua tu. Puma anapenda njia rahisi kama sisi, barabara ya shamba, kingo za mto, reli iliyokufa, chini ya daraja. Safisha majani marefu mbele yake la sivyo utapata picha elfu moja za nyasi. Sahihisha tarehe na saa kabla ya kuondoka, picha ya mwaka 2015 uliyopiga jana ofisa anaitupa. Usiweke chambo, majimbo mengine chambo ni kosa la kisheria kwa ajili ya ugonjwa wa kulungu unaoenea, na utakusanya rakuni tu.

Sasa kitu ambacho watu hawafanyi na ndo kinachookoa picha mbovu: mahali uliponasa kitu, acha kamera palepale usiiguse, nenda ukasimame alipopita yule mnyama na fimbo ya mita moja yenye alama kila sentimita kumi, piga picha kwa kamera ileile. Kata pia boksi lenye umbo la paka wa nyumbani, bega sentimita 25 hivi, ulisimamishe palepale. Ukiziweka picha pamoja, ukubwa unajieleza. Mara nyingi unajieleza kwamba ni paka wa jirani, na hiyo nayo ni kazi imefanyika, umejiokolea aibu.

Na ile video ya Unguja niliyoitaja, tatizo lake ni kwamba ilikuwa mnyama mmoja, mara moja, sekunde chache. Kwa hiyo usitoe kamera baada ya kupata picha moja. Iache wiki, iache mwezi, ongeza ya pili kwenye njia ileile mbele yake.

Hatua ya 8: kupeleka ripoti

Anayehusika ni ofisi ya wanyamapori ya jimbo, sio serikali kuu wala polisi, labda mnyama yuko uwanja wa shule hapo piga 911. Michigan ni DNR (idara ya maliasili) na wana fomu ya onlaini, Iowa nao DNR, Missouri ni MDC (idara ya uhifadhi ya jimbo) ambao wana timu maalumu iliyoanza 1996 kwa ajili ya puma na sasa inashughulikia wanyama wakubwa wala nyama, Kentucky na Tennessee wana idara zao. Kiingereza kikikusumbua uliza kama wana mkalimani wa Kiswahili kwenye simu, au mwombe kijana wako wa high school akusomee maelezo uliyoandika hatua ya tatu, usiache kupiga kwa sababu ya lugha.

Faili tuma ya asili. Picha ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na ile taarifa ya ndani ya saa na mahali inapotea, kwa hiyo tuma kwa barua pepe au kama dokumenti. Usikate kingo, usiongeze mwanga, usichore duara jekundu kwenye nakala ya asili. Kuna picha za puma ambazo zimezunguka miaka na miaka, leo zinasemekana ni Ohio, kesho Pennsylvania, mnyama yuleyule kisiki kilekile, na sasa za kutengenezwa na kompyuta zimejaa, ndo maana ofisa atakuuliza maswali kama mtu wa uhamiaji. Sio kwamba anakuona mwongo. Mpeleke mahali penyewe, mwonyeshe kisiki.

Usianze na zile stori kwamba serikali imewaachia puma kisirisiri wapunguze kulungu kampuni za bima zisilipe ajali. Nimezisikia kwenye kila jimbo, hazijawahi kuletewa ushahidi, na ukizitaja unamfungia ofisa masikio kabla hujafungua bahasha.

Omba namba ya ripoti. Omba jibu kwa maandishi. Jibu likija "haijathibitishwa" soma vizuri, halina maana ya "umekosea", lina maana hakijatosha. Kama una nyayo na wakasema hazisomeki, uliza nini kingezifanya zisomeke, watakwambia, wengi wao wanapenda hii kazi na wangefurahi kuliko wewe kumpata puma wa kweli.

Mambo mawili ya haraka. Usimpige risasi ili "uwaonyeshe". Michigan yuko kwenye orodha ya wanyama walio hatarini na ni kosa, majimbo mengine sheria zinatofautiana ila kujitetea na kutafuta ushahidi ni vitu tofauti mbele ya hakimu. Na usiposti mahali kamili hadharani, utaamka kukuta magari ya watu wenye bunduki na mbwa kwenye shamba la yule mzee aliyekupa ruhusa, na hatakupa tena.

Kwa wenye mbuzi

Najua wengi wenu mmeanza kufuga mbuzi na kondoo vishambani huko. Kama kuna puma mpita njia, mbuzi aliyefungwa kamba nje usiku ni mwaliko. Waingize ndani jioni, zizi liwe na paa, maana fensi ya mita moja na nusu kwake ni kizingiti cha mlango. Mbwa mkubwa wa kulinda anasaidia, taa zinazowaka zenyewe zinasaidia kidogo tu. Akiuawa mbuzi, usimzike na usimchinje aliyebaki na majeraha kabla hujapiga picha za shingo kwa karibu na rula, ficha mzoga chini ya turubai mbwa wasiulambe, upige simu asubuhi hiyohiyo. Mate ya mnyama yako kwenye zile tundu za meno, wataalamu wanayachukua kwa pamba, na ripoti ya mfugo kuuawa mara nyingi ofisa anakuja kuangalia mwenyewe. Ukipiga simu jioni baada ya kumsafisha mbuzi na kugawa nyama, atakuja anywe chai aondoke.